Bibi Kapewa Dakika Saba

Mhadhara wa umma unautambua kwa jina lake. Jina lisipokuwa na nukta mbili katikati, huo si mhadhara, ni mkutano wa kijiji. Huu ulioletwa kwetu mwezi wa kumi uliitwa "Reli, Bahari na Kumbukumbu: Kuhuisha Urithi Usioshikika wa Ukanda wa Kusini". Nilimsomea Bibi, jirani yangu hapa Mikindani, akiwa barazani anachagua mchele. Akainua uso kutoka kwenye ungo.

"Usioshikika kama nini? Pweza?"

"Pweza anashikika, Bibi, ukishalijua jiwe lake."

"Basi na wao wakatafute jiwe," akasema, akarudi kwenye chuya zake.

Waliouleta ni kituo cha utafiti wa jamii na sanaa cha chuo kikuu fulani cha mbali. Sikitaji, maana namba yangu wanayo. Mimi walinipa cheo cha "mratibu wa jamii", ambacho maana yake ni kukodi bajaji kwa hela yako na kuzunguka ukitafuta wazee. Ujumbe ulisema watafutwe wazee wenye kumbukumbu hai, umri kuanzia miaka 75, jinsia izingatiwe. Nikamzingatia Bibi. Ana miaka themanini na ushei, na kumbukumbu zake ni hai kiasi kwamba deni langu la mkaa la mwaka juzi analijua mpaka debe.

Sasa nieleze kinachonikera kwenye neno "umma". Mhadhara uliwekwa Jumatano, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli kule Shangani. Mwezi wa kumi huku kwetu ni korosho. Mwenye shamba yuko shambani anaokota, asiye na shamba anaokota la mwenzake, na aliyekwisha kuokota yuko chama cha msingi anasubiri mnada. Wavuvi saa hiyo ndiyo kwanza wanashusha. Umma uliobaki mjini Jumatano saa tatu ni mimi, walinzi wa benki, na mbuzi wa Chikongola. Ukumbi ulikuwa na viti arobaini vilivyovalishwa nguo nyeupe na kufungwa utepe nyuma kama bi harusi. Nilihesabu. Ukitoa watafiti, wasaidizi wa watafiti, wapiga picha, maofisa na madereva wa maofisa, umma ulikuwa watu watano, na mmoja wetu alikuwa ameingia kukwepa jua.

Mlangoni kuna fomu. Jina, jinsia, taasisi, simu, sahihi. Mzee wa kahawa, ambaye nilimbeba kwenye bajaji ileile ya Bibi, alipofika penye "taasisi" akafikiri kidogo, akaandika "Baraza". Binti wa mapokezi akamuuliza, kwa heshima kabisa, "Baraza la Madiwani, mzee?" Naye kwa heshima ileile akamjibu, "La kahawa, mwanangu, pale chini ya mwembe." Binti akaacha ilivyo. Bibi hajui kuandika, nikamjazia mimi. Penye taasisi nikaandika "binafsi". Kosa hilo nitalieleza mbele.

Saa tatu ilifika saa tano. Mgeni rasmi alikuwa na dharura, akamtuma mwakilishi, naye mwakilishi alikuwa na kikao, akamtuma kijana mmoja mwenye bahasha. Yule kijana akatusomea hotuba isiyo yake, pamoja na mahali palipoandikwa "pumzika, makofi". Kabla yake mshereheshaji alikuwa ameshatambulisha meza kuu jina kwa jina, halafu akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza upya kwa sababu kuna mkuu wa idara aliyerukwa.

Mtoa mada ni daktari kijana, mpole, wa hapahapa Tanzania. Slaidi zake arobaini na sita, zote kwa Kiingereza. Alituomba radhi kwamba muda wa kutafsiri ulikuwa mfinyu. Muda wa kuchapisha bango la mita tatu lenye nembo za wafadhili saba ulipatikana.

Alichokuja kutueleza ni reli yetu. Na hadithi yenyewe ni tamu, siwezi kumnyima haki yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, wakaona karanga zitawatoa. Mwaka 1947 wakaja na matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zitoke, wakachimba bandari ya kina kirefu Mtwara na kutandaza reli kutoka bara hadi pwani. Mji wenyewe wa Mtwara, na zile barabara pana ambazo mpaka leo mbuzi anavuka bila kuangalia kulia wala kushoto, ulipimwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeyeyuka. Karanga hazikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa, chuma kwa chuma, tukabaki na bandari inayosubiri treni.

Haya yeye aliyaita "miundombinu kama jalada la hisia". Mzee wa kahawa akaninong'oneza, "Hisia za nani?" Nikamwambia anyamaze, sambusa bado hazijatoka.

Na msidhani kuchukuliwa sauti za wazee wetu kumeanza na watafiti hawa. Mwaka 1906, vumbi la Majimaji halijatua, Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alipanda hadi Newala na mashine ya kunasa sauti kwenye nta pamoja na kamera ya picha za kutembea. Wazee wakaimba, akanasa, akarudi kwao, na mwaka 1908 kitabu kikatoka, kwa Kijerumani. Mwaka 1909 Wajerumani wenzake walikuwa Tendaguru, kule Lindi, wanafukua mifupa ya mijusi wa kale, nayo ikaenda Berlin, na mpaka leo imesimamishwa huko watu wanalipa kiingilio. Karne iliyofuata ikaja gesi ya Ghuba ya Mnazi, ikapewa bomba lake hadi Dar es Salaam. Kwetu kila kitu kina njia ya kutokea. Lakini hata Weule sidhani kama aliwawekea wazee saa.

Maana Bibi alipewa dakika saba. Ratiba ilisema hivyo: "Sauti za Jamii, dakika 7". Mtoa mada alikuwa amekula saa moja na robo.

Wakampa maiki, akaishika kama mwiko. Akaanza na baba yake, mchukuzi wa bandarini. Akasema treni waliisikia kabla ya kuiona, usiku, na kuku wote wakashuka kwenye mti. Akasema wao watoto walikuwa wanapanga korosho juu ya chuma, moja moja, ili treni iwabangulie, wapone kuungua na yale mafuta ya ganda. "Ikipita tunakimbia kuokota. Tunakuta unga." Ukumbi wote ukacheka. Hata dereva mmoja aliyekuwa amelala akaamka kuuliza kilichosemwa.

Hapo ndipo binti mmoja, kwenye kiti cha mbele, akainua kadi ya njano: DAKIKA 2. Bibi akamwona, akampungia mkono.

Akaendelea. Akasema dereva wa treni alikuwa na mke Mikindani na mwingine mwisho wa reli, na hakuna aliyemjua mwenzake mpaka siku treni ilipoharibika. Kadi nyekundu ikapanda: MUDA UMEISHA. Bibi akapunga tena, safari hii kwa mikono miwili, maiki ikamgonga mzee wa kahawa kichwani. "Nimekuona, mwanangu," akamwambia binti, "nikimaliza nakuja kukusalimia." Akageukia ukumbi. "Sasa siku walipokuja kuing'oa..."

"Tumpigie Bibi makofi ya nguvu!" akadakia mshereheshaji.

Nimeishi miaka mingi sikujua kwamba makofi yanaweza kutumika kumkalisha mtu. Bibi akabaki amesimama, mdomo wazi, reli yake imetandazwa haijang'olewa, watu arobaini wakimpigia makofi anyamaze.

Sisemi wasomi wote wako hivyo. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanza mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji ndiye wa kwanza kukikalia. Nilipita siku moja Ukumbi wa Nkrumah kwenye mhadhara wao, wanafunzi wamejaa mpaka sakafuni, watu wanabishana hadi jasho, na kadi sikuona. Labda ni lile jina. Kigoda hakivalishwi utepe.

Baada ya chakula ukaja wakati wa kutia sahihi upya. Wenye taasisi mstari huu, wasio na taasisi ule. Mzee wa kahawa, mwakilishi wa Baraza, akatoka na posho kamili ya siku. Bibi, "binafsi" wa mkono wangu, akapewa nauli na soda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naangalia nje ya bajaji.

Wiki tatu baadaye vikaja vyeti, vya karatasi ngumu, vya Kiingereza. Nikampelekea Bibi chake barazani.

"Kinasemaje?"

"Kinathibitisha kwamba wewe ulishiriki kwenye mhadhara."

Akakigeuza upande wa pili, hakuna kitu, akakirudisha.

"Nilishiriki nini?"

"Ile hadithi ya treni, Bibi."

"Nilishiriki, au nilihadithia?"

"Wameandika ulishiriki."

"Kwa hiyo hadithi ya kwao," akasema taratibu, "mie nikashiriki."

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza, ili tutoke hapo, siku ile walipokuja kuing'oa reli ilikuwaje. Akanitazama, akachukua cheti, akafunikia sufuria ya maziwa maana nzi walikuwa wengi.

"Una dakika ngapi?" akaniuliza.