Sifa za Fisi wa Njia Panda

Fisi wa methali ametukanwa vya kutosha. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba njia mbili zilimshinda: alinusa nyama ikichomwa huku, akanusa nyingine kule, akataka kuzifuata zote kwa mpigo, akapasuka msamba. Walimu wametutisha naye, na mashangazi wametusimanga naye kila tulipochelewa kuchagua mchumba. Leo nasimama kumtetea. Kosa la fisi halikuwa kusimama njia panda. Kosa lake lilikuwa kuinua mguu. Angeketi tu pale, akanusa huku na kule, angekuwa hai mpaka leo.

Basi sifa zangu nazielekeza kwa yule ambaye fisi alikataa kumsikiliza: Bi Kusita. Kwa miezi minane sasa bibi huyu amenilea kama mwana wake, nikiwa kwenye kochi na miwani ya uhalisia pepe mapajani, nikitafakari gemu zangu ninunue duka lipi.

Kwa asiyeyajua mambo haya, nieleze kwa ufupi. Miwani yangu ni Quest, ya kampuni ya Meta. Ina kompyuta ndani yake na duka lake: unanunua gemu, inajipakia humo humo, unacheza popote, hata ukweni. Lakini miwani hiyo hiyo ukiiunganisha na kompyuta kubwa yenye nguvu, kwa waya au kwa Wi-Fi, mlango wa pili unafunguka: Steam, duka la kampuni ya Valve, lililopo tangu mwaka 2003. Huko picha ni nzuri zaidi, na gemu haiulizi sana umevaa miwani ya nani. Kesho ukihamia miwani nyingine, kama Vive au Index, inakufuata. Beat Saber, ile ya kukata matofali kwa panga za mwanga kufuata mdundo, iko katika maduka yote mawili, kwa karibu dola 30. Ninunue huku niweze kutembea nayo, au kule nisifungwe na miwani moja? Hapo ndipo Bi Kusita anapovuta kiti, akaagiza chai.

Wasidhani wenye kejeli kwamba aliokotwa jalalani. Ana ukoo. Mwaka 2012 kijana wa Kimarekani, Palmer Luckey, aliomba michango kupitia Kickstarter ili miwani aliyoiita Oculus Rift ikamilike; akachangiwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 2014 Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ikaja na posa ya dola bilioni 2, ikakubaliwa. Rift ikaanza kuwafikia wateja tarehe 28 Machi 2016. Siku nane baadaye, HTC na Valve wakaileta Vive. Kila upande ulikuja na duka lake. Ndipo Bi Kusita akazaliwa, mzima wa afya, akilia kwa sauti mbili.

Utotoni mwake aliona vita. Mafundi wa kujitolea walitengeneza programu iitwayo Revive, iliyomwezesha mwenye Vive kucheza gemu za duka la Oculus. Mei 2016 Oculus ikaweka kufuli: kabla gemu haijafunguka, ihakikishwe kwanza kwamba miwani iliyochomekwa ni ya nyumbani. Mafundi wakalivunja kwa siku chache tu, na kwa njia iliyoruka hata ukaguzi wa nani amelipa na nani hajalipa. Juni kufuli likaondolewa. Fahali wawili walipigana, na kwa mara moja katika historia nyasi zikanawiri.

Mwaka 2019 ikaja Quest isiyohitaji kompyuta, na kabla mwaka haujaisha ukaja uwezo wa kuiunganisha na kompyuta kwa waya. Tangu hapo mtu mmoja mwenye kichwa kimoja husimama mbele ya milango miwili. Kisha, mwishoni mwa 2023, Valve ikaiweka programu yake ya Steam Link ndani ya duka la Meta, bure kabisa. Ni kama mwenye kioski aliyekubali mlango wa kioski cha mshindani wake uwe katikati ya rafu zake za sabuni. Katika mazingira hayo, asiyesita ana moyo wa jiwe.

Sasa tuzihesabu fadhila zake.

Ya kwanza ni ya mfukoni. Punguzo la kiangazi la Steam lilipokuja, nilisema ngoja nione la Meta. La Meta lilipokuja, nikasema ngoja nione la Steam la mwisho wa mwaka. Wenzangu hujisifu kwamba wameokoa asilimia 40, wengine 60. Mimi nimeokoa asilimia 100. Maduka yote mawili hukuruhusu kurudisha gemu na kurejeshewa fedha ndani ya siku 14, mradi hujaicheza kufikia saa 2. Ukarimu mzuri, lakini mimi sikuuhitaji. Mimi hurudisha kabla ya kununua.

Ya pili ni ya afya. Wachezaji wengi hupatwa na kichefuchefu, maana macho yanasema tunakimbia na sikio la ndani linasema tumeketi. Wengine wamezipiga ngumi televisheni zao wakidhani ni adui. Mimi tumbo langu limetulia, na televisheni yangu haina hata mkwaruzo.

Ya tatu ni ya elimu. Najua kwamba baadhi ya gemu za Meta ukilipa mara moja unapewa ya miwani na ya kompyuta, na nyingine zitakudai mara mbili. Najua kwamba Half-Life: Alyx, iliyotoka Machi 2020, haikai ndani ya Quest peke yake, inataka kompyuta iibebe. Alyx yenyewe sijawahi kuigusa. Lakini tangu lini mwalimu wa jiografia akalazimika kuzifika nchi zote anazozifundisha?

Ya nne, iliyo kubwa, ni ulinzi. Watazameni walioamua haraka. Waliojenga kwa Daydream, jukwaa la uhalisia pepe la Google, waliachwa mwaka 2019. Walionunua gemu za PlayStation VR waliivaa PSVR2 mwaka 2023 wakakuta gemu zao za zamani hazifunguki humo mpaka mtengenezaji azitengeneze upya. Wenye miwani ya Windows Mixed Reality waliona toleo la Windows 11 la mwaka 2024 likija bila kuihudumia tena miwani yao. Na gemu ya Echo VR, iliyokuwa na wapenzi wa kufa na kupona, ilizimwa na Meta tarehe 1 Agosti 2023. Wote hao waliinua mguu. Bi Kusita alinishika mkono akaniambia: kaa chini, mwanangu.

Na ni yeye aliyenifunulia siri ambayo mwenye haraka haioni, kwa kuwa imeandikwa kwa herufi ndogo karibu na kitufe cha kulipia. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali anayetumia neno "nunua" aeleze waziwazi kwamba anachokupa ni leseni. Steam ilianza kuliandika jambo hilo kwenye kikapu chake Oktoba 2024. Nililisoma nikacheka mpaka chai ikapoa. Kumbe miezi yote ile sikuwa nachagua duka. Nilikuwa nachagua mwenye nyumba. Mmoja ananipa chumba chenye kila kitu ndani, ila nisihame mtaa wake. Mwingine ananiruhusu kubadili samani nipendavyo, ila niende na jenereta yangu. Na wote wawili wanabaki na ufunguo wa akiba. Mpangaji mwenye akili timamu hakurupuki: hutazama choo, huuliza kama maji yanatoka, huwadodosa majirani. Akitumia miezi minane, aitwe mwangalifu, asiitwe fisi.

Ningeishia hapo, sifa zikiwa zimekamilika, kama si mpwa wangu wa miaka kumi na mitano aliyekuja likizo.

"Mjomba, tucheze."

"Bado natafiti, baba."

Nikatoka kununua mkate. Niliporudi nilimkuta katikati ya sebule, jasho linamtiririka, mikono inaikata hewa, anacheka peke yake kama aliyetekenywa. Juu ya meza aliziacha noti zake za sikukuu, zimekunjwa vizuri, kufidia kilichotoka kwenye kadi yangu.

"Umenunua duka lipi?" nilimuuliza, sauti ikinitetemeka.

"Lililofunguka," akajibu, bila kuivua miwani.

Nilimwonea huruma. Alikuwa ameruka miezi minane ya kulinganisha, kunusa na kujizuia. Alifika kwenye nyama bila kuijua harufu. Nikamhubiria kuhusu leseni, akauliza kama mama yake hakodi nyumba, na kama kwa sababu hiyo huwa halali ndani yake. Sikumjibu. Nilimkumbusha Bi Kusita kwamba bado tuna siku 14 za kuirudisha gemu ile, heshima yetu ikabaki palepale.

Siku 14 zilikuwapo. Tatizo likawa zile saa 2, ambazo zilikwisha jioni hiyo hiyo. Saa ya kwanza aliicheza mpwa wangu. Ya pili naomba tusiijadili, ila mguu niliuinua mimi, na asubuhi yake nyonga ziliniuma vibaya sana.