Namna ya Kuwa Mpiga Picha Mkubwa Tarime Bila Kumtazama Mtu

Mura, umeamua kujifunza kupiga picha za watu. Hongera. Najua huna muda: ukienda studio watakushikisha taa na fagio kwa miezi, na wewe unataka harusi ya Jumamosi hii. Nifuate mimi.

1. Anza na jina. Kamera itafuata, hata ya kuazima. Jina liwe la Kiingereza, lichapwe mgongoni kwenye fulana, na kwenye kila picha likae chini kwa herufi kubwa. Lina kazi yake: ndilo litakaloziba miguu uliyoikata kwenye vifundo.

2. Piga saa sita mchana. Tarime na Mugumu ziko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo Machi na Septemba jua linasimama utosini hasa. Paji na pua vitang'aa, macho yatageuka mashimo. Wenye subira husubiri saa kumi na moja jioni, au humkalisha mtu mlangoni, kivulini, uso ukielekea nje. Wewe ukiulizwa macho yamekwenda wapi, jibu: "Hiyo ni hisia."

3. Mwanafunzi wa mahafali, shati jeupe, ngozi nyeusi. Kamera itadanganywa na shati na uso utaingia giza. Kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Usikiguse, kisije kikaharibika. Laumu Kodak. Hapa una bahati, maana lawama yenyewe ni ya kweli: kwa miongo mingi maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi zetu hazikuwamo kwenye hesabu. Usitaje tu kwamba hiyo ilikuwa enzi ya filamu na kamera yako imetoka juzi. Kisha mweupishe binti wa watu kwa programu ya simu mpaka mama yake amtambue kwa sare.

4. Upangaji. Walimu watakuambia ugawe fremu kwa theluthi, macho yakae kwenye theluthi ya juu, na uchungulie nyuma ya mtu kabla ya kubonyeza. Kuchungulia kunachosha. Nguzo ya TANESCO ikiota utosini mwa bwana harusi, sema umepiga maendeleo. Lililo salama zaidi ni kumsimamisha mtu mbali, chini ya yale majabali ya Tarime. Jabali halifumbi macho. Mtu atajitafuta mwenyewe kwenye picha, na akijipata atafurahi.

5. Ukilazimika kukaribia, tumia lenzi pana ya simu, usogee hadi umsikie akipumua. Pua itakua, masikio yatarudi nyuma. Wenye lenzi ya milimita 85 hurudi hatua kadhaa, sura ikabaki ya mwenyewe. Lakini mura harudi nyuma.

6. Sasa hatari yenyewe: bibi anayeuza ndizi sokoni. Utamwamkia, "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha." Ataitikia marahaba, kisha ataanza kazi. Atafungua kitambaa cha kichwa, atafuta jasho puani, atakifunga upya na kukaza fundo kisogoni. Atamsogeza mjukuu aliyemwegemea gotini. Ataweka mikono yote miwili mapajani, viganja chini. Atafunga mdomo. Atakutazama.

Usifike huko! Mpige mapema, kitambaa kikiwa bado mkononi na jicho moja limefumba, uiite "picha ya maisha halisi". Ukingoja amalize, atakuwa ameshaamua aonekane vipi, na itakubidi umtazame naye anakutazama, mpaka ubonyeze. Nawajua vijana waliokaa hapo wakasahau hata nembo yao waiweke wapi. Wameharibikiwa kabisa, siku hizi wanawauliza watu majina.

7. Watu wakikushinda, kimbilia Serengeti. Ukitoka Mugumu hifadhi si mbali, na ina kilomita za mraba 14,763 za viumbe wasiolalamika. Simba haombi aoneshwe kwanza, na nyumbu hana mama mkwe. Usizidishe tu: Michael Grzimek alifariki Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tumbusi, wakati yeye na baba yake wakitengeneza filamu ya Serengeti ambayo baadaye ilishinda Oscar. Makubwa hayo huyataki. Piga pundamilia aliyekugeuzia mgongo, uandike chini: "Sura ya Afrika."

8. Kukabidhi. Kamwe usimwoneshe mteja picha kwenye kamera. Sema bado unaiediti. Itume usiku wa manane kwa WhatsApp, halafu zima data. Asubuhi akikuuliza, "Kijana, huyu ni mimi kweli?", mwambie kamera haisemi uongo. Akidai hela yake, mwelekeze kwa mwenye kamera. Advansi ulishaichukua, siyo?