Mhadhara Mkuu wa Hariri, na Mjuzi Pekee Aliyesalia

Kaeni. Makofi yanatosha, nimeyasikia hata yale ambayo hamjayapiga. Mbele yenu yupo bingwa wa hariri ya Uchina ya zama za kati, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona hakuna chuo chenye ubavu wa kunitahini.

Naanza na enzi ya Tang, 618 hadi 907. Waliotangulia watanisamehe, sina nafasi nao.

Tazameni picha ukutani. Kitambaa hiki kinatunzwa katika hekalu la Horyuji, mkoani Nara, Japani. Duara la lulu, na ndani yake wapanda farasi wanne. Farasi wana mbawa. Kila mpanda amegeuka nyuma juu ya tandiko, upinde ameuvuta hadi mwisho, na simba anamrukia. Duara ni la Kiajemi, wawindaji ni wa Kiajemi, na Wasogdia, wafanyabiashara wa Asia ya Kati, ndio waliozipitisha nakshi hizo kwenye njia za misafara. Lakini sogeeni mtazame mapaja ya farasi: yametiwa herufi za Kichina, “mlima” na “heri”. Mfumaji amechukua mwindaji wa watu na simba wa watu, kisha akapiga muhuri wake makalioni mwa farasi. Huo ndio usomi! Vitabu vyangu vyote nimeviandika kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, mbona viumbe wa Tang huja wawili wawili, uso kwa uso? Dou Shilun, ofisa aliyekuwa Sichuan mwanzoni mwa enzi hiyo, alibuni ndege wa jozi na kondoo dume wanaopigana pembe, na nakshi zake zikaitwa kwa cheo chake, Mtemi wa Lingyang. Zhang Yanyuan, mwandishi wa historia ya uchoraji, anamtaja katika karne ya 9. Mimi nimezama katika suala hili hadi wenzangu wakadhani nimelala, na nimeibuka na jibu: ni falsafa! Ni mbingu na ardhi, ni nafsi inayojihoji...

Naam, mama wa pale nyuma, mwenye tepu shingoni? Unasema ni kitanda cha kufumia? Kwamba msaidizi hukaa juu yake akivuta kamba, na kamba moja imefungwa kwenye nyuzi mbili za mtande, moja kulia, moja kushoto, hivyo akiinua jicho la kondoo huyu, la mwenziwe huinuka bure?

Mama, hayo ni ya mafundi. Hapa tuko kwenye taaluma. Wengine, yaandikeni, na mweke jina langu chini.

Watu wa enzi ya Song nitawapitia juu juu. Wana kesi, hariri ambayo kila rangi hufumwa kipande chake, na rangi inapopakana na mwenzake hubaki mwanya mwembamba mithili ya mkato wa wembe. Ni nzuri kupita kiasi, hainiachii cha kuongeza, kwa hiyo siipendi. Yuan, enzi ya Wamongolia, nawapenda zaidi. Hao waliwahamishia Uchina mafundi wa Asia ya Kati wawafumie nasij, hariri iliyojaa zari, mtu akavaa hazina ya nchi mabegani akisingizia baridi.

Tumalizie na Ming. Mwaka 1391 iliamriwa kila ofisa avae daraja lake kifuani: watu wa kalamu ndege, watu wa upanga wanyama wakali. Korongo alikuwa wa mwenye kalamu mkubwa kuliko wote. Qilin, mnyama wa heri asiyepata kufugwa na mtu, alitengewa makabaila na wakwe wa Kaizari. Kisha mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ukafika na twiga, na barazani akapokewa kuwa ndiye qilin! Mnaona? Pwani yetu ilipeleka ushahidi ukitembea kwa miguu minne. Nimeshaandaa madai ya mrabaha kwa kila kifua cha Ming, na nitayapokea mimi kwa niaba ya twiga.

Mama, mbona mkono uko juu tena? Unasema qilin wa kifuani ana magamba na kichwa cha joka, na shingo yake haifiki hata begani mwa twiga?

Mhadhara umekwisha. Vyeti vinauzwa mlangoni.