Mkunga wa Walikale

Mama aliyekaa katikati ya jopo alivua miwani, akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. "Papa, hapa inaandikwa kwamba ulizalisha wanawake kule Walikale miaka mitatu."

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mtunza ghala.

Wenzake wawili waliinamisha vichwa kama watu wanaosali, ila mabega yalikuwa yakitikisika. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikieleza kwamba ghala na uzazi vyote vinahitaji kuweka rekodi vizuri. Masikio yangu yanawaka hata sasa.

Ieleweke jambo moja: hapa Goma, mashariki mwa Kongo, CV haiandikwi, hurithiwa. Unaenda Birere, kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, umebeba maisha yako kwenye kipande cha karatasi. Kijana wa kibanda hafungui ukurasa mtupu, hana muda huo, umeme wenyewe hauaminiki. Anafungua CV ya mteja aliyetangulia, anafuta jina, anaweka lako. Aliyetangulia naye alikalia jina la mwingine, na huyo la mwingine. Tena hafuti kila kitu, anafuta pale jicho linapoangukia: jina, tarehe, shule. Mwisho wa ukurasa wa pili hakuna jicho linalofika. Ndiyo maana nusu ya mji huu hupenda kusoma, muziki na mpira wa miguu, na sote tuna uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo.

Nimevutiwa na jambo hili kuliko inavyofaa mtu asiye na kazi. Wasomi wa hati za kale hufuata kosa la mnakili mmoja ili wajue nakala ipi ilizaa ipi. Goma ingewezekana vilevile. Kuna "Exel" isiyo na c ambayo nimeiona kwenye CV ya jirani, ya shemeji, ya mwalimu wa kwaya na yangu. Sisi wanne tuna babu mmoja ambaye huenda alishastaafu. Na mimi nina bibi, mkunga, aliyeniachia Walikale yake nzima, pamoja na ndoa yake. Hali ya ndoa: ameolewa.

Hapo nikaelewa kwa nini niliitwa. Tangazo lilimalizika kwa ule mstari tunaoujua wote, kwamba wanawake wanahimizwa sana kuomba, na jina langu la ubatizo huvaliwa na wanaume na wanawake. Chini kabisa pana kiapo: nathibitisha kwa heshima yangu kwamba habari hizi ni za kweli. Nilikuwa nimekitia sahihi kwa kalamu ya buluu.

Kilichokuwa changu kwelikweli ni zile sentimita chache za juu, na hizo ndizo zinazoniudhi. Jina, kisha postinomu, jina la ziada tuliloachiwa na Rais Mobutu mwaka 1972 alipotuvua majina ya Kikristo. Majina yakarudi, postinomu ikabaki, tukawa watu wa majina matatu. Halafu asili: kijiji, grupma, usultani, wilaya, jimbo. Mtunza ghala anahesabu magunia ya unga wa mahindi. Kijiji alikozikwa babu yake kitaongeza gunia gani? Katika Kivu Kaskazini, ukishaandika Masisi, Lubero au Rutshuru, msomaji ameshaanza kukisia kabila lako kabla hajafika kwenye shule. Mwaka 1993, Walikale na Masisi, watu waliuawa kwa kukisiwa hivyohivyo. Sisi tunaendelea kuijaza sehemu hiyo wenyewe, kwa herufi kubwa, na tunalipia kila ukurasa.

Mengine ni madogo. Nilipeleka barua kwa shirika moja nikilisifu shirika jingine. Picha yangu ya pasipoti ilitoka na bega la mtu.

Kisha kuna fomu ya Umoja wa Mataifa, P11, inayotaka watu watatu wasio ndugu zako wanaoijua tabia yako. Zamani hilo lilikuwa jepesi. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Mwezi huohuo Washington ikasimamisha misaada, na miradi ikaanza kuzimika mmoja baada ya mwingine. Mdhamini wangu wa kwanza alikimbilia Bujumbura. Simu ya wa pili haipatikani. Wa tatu, aliyekuwa mkuu wangu kwenye mradi wa maji, nilimkuta langoni pa ofisi moja mtaa wa Himbi, ameshika bahasha ya kaki kama yangu, anaomba nafasi ileile. Tulisalimiana kwa heshima zote.

"Ndugu yangu," akaniambia, "usishangae wakikupigia simu. Nimekuandika wewe kuwa mdhamini wangu."