Mohamed wa Kukopa na Mohammed wa Kulipa

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofunguliwa Tanzania, biashara inayonoga kuliko zote ni steshenari. Meza moja, skana inayokohoa, kibodi ambayo herufi A imefutika kwa kuguswa, na kijana anayechapa kwa vidole viwili lakini kwa mwendo wa cherehani. Mbele yake ameketi mhitimu wa kidato cha sita na bahasha yake ya kaki: cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, karatasi iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Anayepita njiani hudhani huyo amekuja kuomba mkopo. Asogee karibu, hasa siku za mwisho, atasikia mambo mengine. Jina limekataa. Ukurasa wenye sahihi umeingia kichwa chini. Cheti cha baba kimekaa mahali pa cheti cha mtoto. Desturi yetu ni kucheka na kusema vijana wa siku hizi hawasomi maelekezo. Mimi nadai kinyume chake: kosa kwenye fomu ya mkopo ni la kawaida kama vumbi la kiangazi, mara nyingi ni dalili kwamba mwombaji ni mtu wa kweli mwenye maisha ya kweli, na kwa hiyo kurekebisha kuhesabiwe kuwa sehemu ya kuomba. Kusiwe rehema ya siku chache, halafu mlango unabamizwa.

Tuanze na jina, maana ndilo linaloangusha wengi. Mtanzania wa kawaida huandikiwa jina na watu wasiopungua watatu kabla yeye mwenyewe hajaulizwa. Wa kwanza ni nesi, anayejaza tangazo la kizazi usiku wa manane huku mama akijibu kwa sauti ya mtu aliyetoka vitani. Wa pili ni mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye huandika anachosikia. Na kama ametokea upande ambako l na r ni ndugu wa baba mmoja, Rukia anaweza kurudi nyumbani akiwa Lukia. Wa tatu ni yule anayesajili watahiniwa shuleni, mwenye majina mia mbili ya kuingiza kabla umeme haujakatika. Katika safari hiyo Hamisi huvuna au kupoteza kh, Athumani hugeuka Othman, Zainabu huachwa bila u, na Mohamed huongezewa m ya pili ambayo hakuna aliyeiagiza. Nyumbani hayo yote ni jina moja. Bibi akiita "Mudi!" anaitika yuleyule. Kwenye mtandao wa Bodi ya Mikopo hakuna Mudi. Mwombaji huanza na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linakuja kama Baraza la Mitihani linavyolijua. Kisha anaambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa watu wa visiwani. Hizi daftari mbili zimeishi mbalimbali miaka yote ya kijana huyu. Siku hiyo ndipo zinapokutana, na papo hapo zinagombana kwa sababu ya herufi moja. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakuwahi kulipitisha kwenye skana.

Dawa inayojulikana ya ugomvi huo ni hati ya kiapo. Kijana wa miaka ishirini anapanga foleni kwa kamishna wa viapo, analipa, anainua mkono, na kuapa kwamba Mohamed wa kwenye cheti hiki na Mohammed wa kwenye cheti kile ni mtu mmoja, naye ndiye huyo mtu. Sijui kama kuna kiapo kingine duniani chenye ukweli mwingi kiasi hicho na umuhimu mdogo kiasi hicho. Anaapa kwamba yeye ni yeye. Shahidi angekuwa bibi yake, lakini bibi hana muhuri.

Na jina angalau limetulia. Likikosewa linabaki limekosewa palepale. Maisha hayana utulivu huo. Fomu ni picha ya siku moja, na waombaji huijaza katikati ya mwaka wakati chuo hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Katikati hapo kiwanda alikofanya kazi baba kinafungwa, au baba mwenyewe anafariki na kijana aliyejaza kwamba wazazi wote wawili wako hai anakuwa yatima ambaye fomu yake inamkana. Mwingine anapata nafasi chuo ambacho hakukitaja, anahama, na fedha zinakwenda kumsubiri alikoondoka. Yapo pia madogo yenye kuudhi zaidi. Barua pepe ilifunguliwa na kijana wa steshenari, naye ndiye anayejua nywila, naye amehamia mtaa mwingine pamoja na meza yake. Namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba; mjomba amekwenda machimboni Geita, na laini iko mfukoni mwake. Mtu hawezi kuingia kurekebisha akaunti yake mwenyewe mpaka mjomba apande mlima kutafuta mtandao, aisome ile namba ya tarakimu sita kwa sauti kubwa, nayo iwe haijapitwa na wakati.

Wako watakaosema: huo ni uzembe, na usahihi wa fomu ni wajibu wa mwombaji. Mwongozo hutolewa kila mwaka, umeandikwa kwa lugha inayoeleweka, na ada ya maombi ya shilingi 30,000 inatosha kumfanya mtu asome mara mbili kabla ya kubonyeza. Nakubali nusu ya hoja hii. Ukurasa ulioingia kichwa chini ni wako. Huwezi kumsingizia nesi. Lakini nusu ya pili inamtaka kijana awe mwangalifu juu ya mambo yaliyoandikwa kabla hajajua kusoma, na juu ya mambo ambayo hayajatokea bado. Unaweza kusoma mwongozo mpaka uukariri kama sala, na ile m ya pili itakuwepo tu. Mwangalifu zaidi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu yeye huandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti, kwa uaminifu kabisa, na uaminifu huo ndio unaomkosanisha na cheti kingine.

Hoja nzito ni ile ya fedha za umma. Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na moja ya fedha zinazoiendesha ni marejesho: aliyesoma jana analipa ili anayesoma leo akopeshwe. Kila mwenye akili anajua kwamba penye fedha ya namna hiyo watajitokeza mayatima wenye wazazi wawili na mafukara wenye magari matatu. Bila ukali wa nyaraka, wanasema, mfuko utakauka. Ni kweli, na mimi sitaki ukali upungue. Nauliza tu ukali huo unamkamata nani. Mwongo hukaa akatengeneza karatasi zake usiku mmoja, mahali pamoja, kwa kalamu moja. Kwa nini zisilingane? Jina lake limenyooka kutoka cheti cha kuzaliwa hadi cheti cha kifo cha baba anayekula chakula cha jioni naye. Anayenaswa na herufi ni yule ambaye karatasi zake zilitengenezwa na nesi, mwalimu na karani kwa muda wa miaka kumi na minane, katika wilaya tatu. Kulinganisha herufi kunapima unadhifu wa nyaraka. Kujua hali ya mtu kunahitaji kumwuliza mwenyekiti wa mtaa anayemfahamu, kupekua kumbukumbu za kaya maskini za TASAF, kupiga simu shuleni alikosoma na kuuliza nani alikuwa akimlipia ada. Na kuna jambo moja ambalo haliachi kunichekesha. Mkopo ukishatoka, kijana akasoma, akaajiriwa, makato ya asilimia 15 ya mshahara yakaanza, husikii hata siku moja malalamiko kwamba fulani ameshindwa kukatwa kwa sababu ya m ya pili. Siku ya kukopa, Mohamed na Mohammed walikuwa watu wawili. Siku ya kulipa ni mmoja, na anajulikana mpaka anapofanyia kazi.

Mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya Dar es Salaam peke yake. Kenya, ambako bodi yao ya mikopo, HELB, ilianzishwa mwaka 1995, mwanafunzi aliyekwisha kupewa mkopo wa mwaka wa kwanza anapaswa kuomba tena miaka inayofuata. Na tangu utaratibu mpya wa kufadhili vyuo ulipoletwa mwaka 2023, mwanafunzi hupangwa katika bendi kulingana na hali ya nyumbani kwao, na akiona amepangwa pamoja na matajiri anakata rufaa. Angalau wameweka wazi kwamba umaskini una mwaka wake na unaweza kuhesabiwa vibaya. Marekani nao wana fomu ya serikali kuu, FAFSA, inayojazwa upya kila mwaka. Kwa ajili ya mwaka wa masomo 2024–25 waliifumua ili iwe rahisi. Iliyozoeleka kufunguliwa Oktoba ikafunguliwa mwisho wa Desemba 2023, wanafunzi ambao mzazi wao hana namba ya hifadhi ya jamii wakakwama mlangoni, na kitufe cha kurekebisha hakikufanya kazi kwa miezi. Nchi iliyopeleka watu mwezini ilishindwa kumpa kijana nafasi ya kufuta kosa lake. Ilijenga nyumba nzima halafu ikakumbuka mlango wa nyuma. Nauona huo kuwa ushahidi bora wa ninachosema: marekebisho yakichukuliwa kuwa kiambatisho, ndiyo yatakayosahauliwa.

Wengine watasema kalenda haitaruhusu. Mwaka wa fedha huanza Julai, orodha za awamu ya kwanza lazima zitoke kabla vyuo havijafunguliwa, na bajeti haiwezi kumsubiri Mudi amalize kuapa. Hilo halina ubishi, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba Bodi imekuwa ikiwapa wenye nyaraka pungufu siku za kurekebisha, na dirisha la rufaa hufuata baada ya kupanga mikopo. Lakini kazi mbili zimefungwa kamba moja. Kifo cha mzazi au kuhama chuo ni mambo ya Septemba na Oktoba, na hayana namna ila kusubiriwa yatokee. Dirisha lake lazima liwe refu. Jina haliko hivyo. Jina linajulikana tangu siku ya matokeo ya kidato cha nne, miaka miwili na zaidi kabla ya kijana kufikiria mkopo. Miaka miwili yote hakuna anayemwambia kwamba daftari mbili hazikubaliani, halafu anaambiwa siku tano kabla ya mlango kufungwa, na anaambiwa kana kwamba amekosea yeye. Wakati wenyewe haukukosekana kamwe. Umetumiwa wote kwenye foleni ya wiki moja, mbele ya skana moja.

Mpaka hapo wenye daftari hizo mbili watakapoamua kuzikutanisha mapema, kazi inabaki kwa wazazi. Kama una mtoto sekondari na shule haijamsajili kwa mtihani wa kidato cha nne, leo jioni mkimaliza kula toa cheti chake cha kuzaliwa kwenye lile begi lililo juu ya kabati. Mwambie aandike majina yake matatu kwenye karatasi kama yalivyo kwenye daftari la shule. Ziweke karatasi mbili bega kwa bega, usome herufi kwa herufi kwa sauti, na usimruhusu bibi kusaidia.