Uainishaji wa Awali wa Wapimaji wa Kaa katika Delta ya Rufiji

Kaa wa matope anayenaswa kwenye mikoko ya Kibiti ameshaainishwa siku nyingi: Scylla serrata. Anayempima ndiye hajaainishwa. Makala hii inaziba pengo hilo, ambalo hakuna aliyelilalamikia.

Spishi ya kwanza, Mpimaji dolegumba, hubonyeza gamba la upande wa tumbo. Likibonyea, kaa amejivua karibuni na ndani kuna maji mengi kuliko nyama. Spishi ya pili, Mpimaji mzani, hupatikana Nyamisati penye wanunuzi na husema kwa kilo. Tabia nyingine haijulikani.

Ya tatu, Mpimaji hadubini, ndiyo inayotusumbua. Nyama haitaki, inataka gamba. Nyuzi za kaitini humo zimelala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limegeuka kidogo kuliko la chini yake, kama ngazi ya kuzunguka ya mnara. Msokoto huohuo umo katika baadhi ya fuwele kimiminika, ambazo mtaalamu wa mimea Reinitzer alikutana nazo mwaka 1888 akichunguza kolesteroli ya karoti; tofauti ni kwamba za kaa zimeganda. Mwaka 1972 Mfaransa Yves Bouligand alieleza kuwa matao yanayoonekana kwenye mkato wa gamba si nyuzi zilizopinda, bali ni zilizonyooka zilizokatwa mshazari.

Chokaa huondolewa kwanza kwa asidi, gamba hukatwa jembamba, kisha hutazamwa kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Hutokea mistari ya giza na mwanga, na hapo spishi hupasuka vipande.

M. hadubini nusunusu hupima kutoka giza hadi giza na kutangaza mzunguko mzima. Kumbe ni nusu: uzi hauna kichwa wala mkia, ukigeuka digrii 180 unaonekana vilevile. M. hadubini mshazari hukata kwa digrii 30 badala ya kusimamisha kisu wima juu ya matabaka. Mistari hutanuka maradufu, naye hudhani amegundua kaa mpya. (Wawili hawa wakifanya kazi pamoja, makosa hufutana na jibu huwa sahihi. Jambo hili lisifundishwe vyuoni.)

M. hadubini pupa ndiye hatari zaidi. Huchukua kaa aliyejivua jana. Gamba la nje, lenye msokoto wa kubana, hutengenezwa kabla ya kujivua; la ndani, lenye msokoto mpana, hujengwa baadaye. Yeye huona la nje tu na kuandika kwamba kaa wa Rufiji ana msokoto wa kubana. Dole gumba lingemwambia. Chotara wa dolegumba na hadubini hajaripotiwa.