Fundi wa Kitufe

Hongera, fundi mpya. Tumeliona yungiyungi lako la kwanza ulilochonga kwa patasi. Wenye huruma wakasema ni kabichi. Ukailaumu mbao. Kweli mbao ina ukaidi wake: ichonge kinyume cha nyuzi, inachanika, ichonge kwa patasi butu, inatafunika. Lakini kunoa ni kazi ya watu wasio na haraka, nawe una wateja wanaosubiri, ingawa hawajazaliwa.

Ukaleta mashine ya leza. Alhamdulillahi! Unachora kwenye kompyuta, unabonyeza, mwale unaunguza mbao, na nakshi inatoka imenyooka utadhani imepigwa rula. Kina haina, moshi inao. Mlango wa nakshi wa Unguja hupata uhai wake kwenye kivuli, jua linapopita juu ya mchongo uliozama. Ule uliochomwa juu juu unabaki picha tu. Ukitaka kina, ipo mashine ya kisu kinachozunguka, nayo ni tiifu mno: itafuata vipimo vyako hata vikiwa vya kijinga. Wazoefu huiachia kazi ya kupunguza mbao, kisha humalizia kwa mkono. (Mkono huo ndio uliokuwa ukiukwepa.)

Sasa kibao kimening'inizwa nje ya duka: “Nakshi Asilia, Kazi ya Mkono.” Mnunuzi, ukipita hapo, kagua kingo kama zimeungua, kisha uliza ni mkono upi: ulioshika patasi, au uliobonyeza kitufe? Bei fundi ameiweka ile ile ya patasi.